Nani Alimnyoa Sufi

Kwa miaka kumi na saba meza yangu ya kushona viatu ilikaa kwenye ukuta wa duka la kinyozi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi. Ukuta ulikuwa wake, kivuli kilikuwa chetu sote. Yeye alishughulikia juu, mimi chini. Mtu angeweza kuingia kwake na kichwa kama kichaka, akatoka akanivulia mimi viatu vilivyoachama midomo, akaondoka mpya pande zote mbili. Maneno hayo yalikuwa yake, aliyasema kila wiki, na kila wiki tulicheka kwa heshima.

Mkasi alijua nywele, na sisemi kunyoa tu. Akishika kichwa chako alikwambia unalalia upande gani, umebadilisha sabuni lini, na nani alikunyoa mara ya mwisho. "Wewe umepita kwa yule wa kituoni," angesema huku akigeuza kichwa cha mteja kama mtu anayechagua tikiti maji. "Ona alivyokula nyuma ya sikio." Mteja akakiri. Karibu kila mara alipatia, na nadhani ubaya ulianzia hapo. Mtu akipatia mara mia, husahau kwamba anabahatisha.

Mkewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto. Alikaa peke yake katika vyumba viwili nyuma ya duka mpaka dada yake mdogo, mpishi wa hospitali katika mji mwingine, alipomwomba akae na binti yake kwa ajili ya shule. Binti alikuwa na miaka tisa, mdogo wa umbo hata tukamwita Nukta. Alikuwa amerithi jina la bibi yake, yaani mama mzazi wa Mkasi, kwa hiyo mjomba wake hakuweza kulitamka jina lile hivi hivi. Alimwita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, nipe hilo taulo." Mteja mgeni angemwona mwanamume mwenye mvi akimwita mtoto hivyo, akatabasamu, na Mkasi angemwambia, "Usicheke. Huyu ndiye aliyenizaa, amerudi kuangalia nimekuaje."

Nukta hakuwa msemaji. Akitoka shule alinisalimia, "Shikamoo, Fundi," akapita dukani kuelekea uani, maana nyumba ile haikuwa na mlango mwingine. Basi mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa siku nyingi, alipohamia kwa mwanawe ghorofani, akamwachia yule mtoto sungura wake wawili pamoja na banda lao refu la mbao. Wote walikuwa majike. Mmoja mweupe, mnene, alitembea kama anayekagua wafanyakazi. Nukta akamwita Meneja. Mwingine wa kijivu, mwepesi, mlaini ukimshika. Huyo akawa Sufi.

Sijaona watu watatu wakibadilishwa na wanyama wawili namna ile. Nasema watatu kwa sababu na mimi nimo. Nukta akaanza kuongea. Kila jioni alipita na kikapu cha majani aliyokata kando ya uwanja wa shule, akituhadithia nani kampanda nani kichwani na nani kanuna. Mkasi, ambaye zamani alifunga duka pale tu mteja wa mwisho alipochoka, sasa alifunga mapema, akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, akitazama sungura wakila. Na mimi nikaanza kuokota maganda ya karoti kwa mama muuza mboga, mtu mzima na ndevu zangu.

Mwaka wa pili Mkasi alinunua tangi la maji. Ua ulikuwa mdogo na tangi lilikuwa kubwa. Akachukua msumeno, akalikata banda katikati, nusu akawapa majirani kuni. Nukta alisimama akitazama.

"Mjomba, sasa Sufi hana pa kukimbilia."

"Akimbilie nini? Nani anamfukuza?"

Wiki hiyohiyo Mkasi akapiga marufuku kikapu cha majani, kwa sababu yalikuwa yanamwagika dukani na kuchanganyika na nywele, na mteja mmoja aliuliza kama pale ni kwa kinyozi au zizini. Akanunua mfuko wa chakula cha punje. Punje ni safi, hazimwagiki, na sungura walizimaliza kwa dakika chache, halafu wakakaa kutwa nzima bila la kufanya. Hayo nayasema leo. Wakati ule nilimwambia amefanya jambo la maana.

Kama wiki tatu baadaye Sufi akatokewa na kipara mgongoni, mduara kama sarafu. Mkasi alipiga magoti, akapuliza manyoya, akatoa hukumu palepale: "Mapunye."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mapunye ni adui wa kinyozi. Yakisikika yameonekana nyumbani kwake, duka linabaki na viti na kioo. Akampaka Sufi dawa anayowauzia wazazi wa watoto wa shule, akamwamuru Nukta anawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Siku kumi dawa ilipakwa. Kipara cha kwanza hakikupona, na cha pili kikatokea shingoni, kisha cha tatu ubavuni. Ngozi yenyewe ilikuwa safi, ya waridi, haina magamba wala kidonda, na Nukta, aliyekuwa akimshika Sufi kila siku, hakuwashwa hata kidole.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na pale dukani kila aliyekuja kupunguza nywele aliacha na akili kidogo. Dereva mmoja alisema ni kupukutika tu kwa kawaida, wanyama hubadilisha manyoya kama sisi tunavyobadilisha shati. Lakini Meneja hakuwa amebadilisha chochote. Yule mwalimu mstaafu, alipokuja kunyolewa, alisema huenda ni utitiri, akamfundisha Nukta kumchana Sufi juu ya kitambaa cheusi na kutazama kama kuna vumbi linalotembea. Nukta alichana jioni tatu, kitana mkononi, pua karibu inagusa kitambaa. Hakikutembea kitu. Mkasi hata hivyo akamnyunyizia poda ya chawa, Sufi akapiga chafya siku nzima, na Nukta akalia kimyakimya akimpangusa kwa kitambaa kibichi.

Tukafika Jumamosi ambayo sipendi kuikumbuka.

Asubuhi ile Mkasi alimtoa Sufi akamweka chini ya taa ya dukani, akavaa miwani yake ya kazi. Alikaa naye muda mrefu. Kisha akaja mezani kwangu na kitu kwenye kiganja, vinyoya vichache vya kijivu.

"Fundi, wewe unakata ngozi kila siku. Hebu angalia. Hivi vimeng'oka au vimekatwa?"

Nikaviinua kwenye jua. Havikuwa na mizizi. Ncha zilikuwa zimekatika sawasawa. Nikamwambia, "Vimekatwa. Kwa kitu kikali."

Sikusema uongo. Lakini ulimi hauna mfupa. Ningeweza kuongeza kwamba kitu kikali si chuma peke yake. Sikuongeza, kwa sababu sikufikiri, na kwa sababu nilifurahi kuulizwa.

Alirudi ndani, akafungua droo, akatoa mkasi wake mkubwa, ule aliorithi kwa kinyozi aliyemfundisha kazi, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Miezi michache nyuma alimkuta Nukta akikatia nao karatasi za kazi ya shule, akamfokea. Sasa akaukunjua, na kwenye maungio yake palikuwa na unyoya wa kijivu. Nyumba ile, tuwe wakweli, ilikuwa na unyoya wa kijivu kwenye mito, kwenye mswaki, hata ndani ya kopo la sukari. Lakini mtu akishaamua anachotafuta, huona hicho tu.

"Mama, njoo hapa."

Dukani mlikuwa na wateja watatu, mmoja ana povu nusu uso. Mimi nilikuwa mlangoni. Nukta akaja akipangusa mikono kwenye gauni.

"Kwa nini unamnyoa Sufi?"

Alimtazama mjomba wake kama hakusikia vizuri. "Simnyoi, Mjomba."

"Manyoya haya yamekatwa. Mimi nashika nywele tangu mama yako hajaota meno. Utanidanganya mimi?"

"Si mimi."

"Nani basi? Sufi ameingia dukani, amekaa kwenye kiti, akasema punguza kidogo mgongoni?"

Wateja wakacheka. Na mimi nilicheka. Nukta aligeuka akanitazama mimi, si wao.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni Meneja. Huwa anamlalia juu, anamlamba lamba shingoni. Sufi anajikunja pembeni."

"Unamsingizia mnyama asiyeweza kujibu," alisema Mkasi. Sasa alikuwa amekasirika kweli, na aibu ya watu kumsikia ilimzidishia. "Sikiliza. Sitakupiga, sijawahi. Ninachotaka ni ukweli. Sema ukweli, yaishe."

Alimsimamisha pale kwenye kona ya sabuni na mataulo. Akamaliza yule wa povu, akamnyoa wa pili, na kila baada ya muda akauliza bila kugeuka, "Bado?" Mtoto akatikisa kichwa. Wa tatu alipokuwa akipulizwa nywele shingoni, Nukta akasema, "Ni mimi."

Mkasi akaweka brashi chini. Uso wake ukalainika palepale. "Umeona? Si vigumu." Akamruhusu aende, akamwambia asiwaguse sungura mpaka amwambie. Akanigeukia mlangoni. "Nilijua," akasema. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Nukta hakukasirika kwa namna ambayo mtu mzima angeiona. Alifua sare zake, alijibu akiitwa. Alichofanya ni kuacha kuongea, kama mtu aliyefunga bomba. Muhula ulipokwisha akaenda kwa mama yake likizo, na wiki moja kabla ya shule kufunguliwa dada mtu akapiga simu: mtoto anaomba abaki huko. Mkasi alisema ni aibu ya kosa lake, itapita.

Huku nyuma, Sufi akaendelea kuwa kipara.

Nakumbuka siku Mkasi alipokuja mezani kwangu kuniambia. Hakukaa. Alisimama akiangalia barabara.

"Fundi, kuna kipara kipya. Begani."

"Kikubwa?"

"Mtoto ana wiki tano hayupo."

Sindano yangu ilikuwa katikati ya soli. Niliiacha humo humo.

Mchana ule hakufungua duka. Aliniita uani, tukakaa nyuma ya tangi kimya, wanaume wawili wazima tukiwachungulia sungura kama polisi. Baada ya kama nusu saa Meneja akainuka, akamsogelea Sufi aliyekuwa amejibana kwenye kona ya lile banda fupi. Akaweka kidevu juu ya mgongo wake. Mwanzo ilikuwa kama kulamba. Kisha tukasikia mlio mdogo, mkavu, krr krr krr, na Meneja akatafuna. Sufi alitaka kusogea, akagonga ubao. Hapakuwa na pa kwenda.

Mkasi aliinuka. Alimnyanyua Sufi akamweka ndani ya shati lake.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo nyuma ya soko, mwanamke kijana mwenye samadi ya ng'ombe kwenye buti. Alifanya kazi bila haraka. Alimchana Sufi juu ya karatasi nyeusi, akatazama masikio, akabonyeza kidevu kuona kama pamelowa, akamfungua mdomo kwa kidole.

"Sungura akitokwa na manyoya mabaka mabaka, huwezi kusema kwa kuangalia tu," alieleza. "Utitiri unaacha magamba meupe, kama mba. Fangasi inakuja na ukoko, mara nyingi usoni na miguuni, na mngemaliza nyumba nzima kujikuna. Meno yakiwa mabovu mate yanachuruzika, kidevu na kifua vinanyonyoka. Jike mwenye mimba, au anayejidhania anayo, anajing'oa kifuani atandike kiota. Huyu ngozi yake nzima. Manyoya hayajatoka, yamekatwa." Akatucheka kidogo, kwa wema, bila kujua anaongea na nani. "Mna kinyozi nyumbani, wazee. Huyo mwenzake ndiye anayemnyoa."

Niliangalia sakafu.

"Kwa nini anafanya hivyo?" aliuliza Mkasi.

"Ubabe, wakati mwingine. Mara nyingi ni kubanwa na kukosa kazi ya mdomo. Sungura anatakiwa atafune nyasi kutwa. Asipopata nyasi anatafuna alichonacho. Banda lao likoje? Wanakula nini?"

Mkasi akamjibu yote: tangi, msumeno, kikapu, mfuko wa punje. Alijibu kwa kirefu kuliko alivyoulizwa. Daktari akasema basi dawa haihitajiki, warudishiwe nafasi na nyasi, watenganishwe kwa muda, manyoya yataota yenyewe. Akauliza, "Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuwaona wakifanya hivi?"

"Alikuwepo," alisema Mkasi.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mkasi hakuwa na mtoto, seuze mjukuu, lakini nilimwona akirudi barabarani amebeba yale maneno pamoja na Sufi ndani ya boksi alilotupa daktari, na boksi lilikuwa jepesi zaidi. Alinunua mbao siku hiyohiyo. Tulijenga banda lililokula nusu ya ua, tangi likahamishiwa juu ya paa kwa fedha ambayo angenunulia kiti kipya cha dukani. Kisha akafunga duka Jumamosi, siku ya mavuno kwa kinyozi yeyote, akasafiri kwenda kwa dada yake. Aliniomba niende naye. Nadhani alitaka shahidi, na nadhani alijua na mimi nina deni.

Dada yake alitupokea vizuri, akatuwekea viti barazani. Nukta alitoka na maji kwenye trei. Alikuwa ameongezeka urefu. "Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Fundi." Mkasi hakushika bilauri.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Haikuwa wewe. Ilikuwa Meneja, kama ulivyosema. Nimemwona kwa macho yangu."

Nukta alikaa kwenye ngazi, trei mapajani.

"Na mimi ndiye niliyewabana kwenye banda. Ulinambia, sikusikia."

"Yameisha, Mjomba."

"Hapana, ngoja. Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anajaribu kukumbuka vizuri ili ajibu sawasawa. "Ulisema niseme ukweli ndiyo yataisha. Ukweli nilikuwa nimeshausema, hayakuisha. Nikasema kile kingine."

Dada mtu aliinuka akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Mkasi alikuwa na mengine aliyoyapanga njiani, nilimsikia akiyarudia kwenye dirisha la basi, kuhusu banda jipya, na kikapu, na kwamba mlango wa dukani ni wake apite na majani anavyotaka. Aliyasema. Nukta alisikiliza mpaka mwisho.

"Sufi hajambo?"

"Hajambo. Yameanza kuota. Rudi umwone. Au nikuletee wote wawili huku."

Alitikisa kichwa. "Waache huko. Huku hakuna ua." Kisha, kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula, "Na shule ya huku nimeshaizoea, Mjomba."

Mimi nilikuwa nimejiandaa pia. Nilitaka kumwambia kwamba nilicheka, na kwamba neno "vimekatwa" lilitoka kinywani mwangu. Nikamwambia amekua sana. Akasema asante.

Manyoya ya Sufi yaliota ndani ya miezi miwili, ya kijivu iliyokolea kidogo kuliko ya zamani. Sungura wale waliishi miaka mingine minne, wakiwa na nyasi mpaka masikioni. Mkasi alikata mwenyewe kando ya uwanja wa shule, na wateja walipolalamika uchafu aliwaonyesha mlango. Kubashiri vichwa vya watu aliacha. Mteja akimuuliza, "Eti nani alininyoa mara ya mwisho?" anajibu hajui, amwambie mwenyewe.

Nukta sasa ni msichana mkubwa, anasomea ufamasia. Hajakosana na mjomba wake, sitaki mtu aelewe hivyo. Kila mwisho wa mwezi anampigia simu, na Mkasi huweka sauti nje kwa sababu sikio moja limeanza kugoma, kwa hiyo huwa nasikia. Anamuuliza habari za presha, kama anameza dawa kwa wakati, kama duka linaingiza kitu. Mkasi anamuuliza habari za masomo, anaambiwa nzuri. Anamuuliza kama ana shida yoyote, chochote, aseme tu.

"Sina shida, Mjomba. Namshukuru Mungu."

Mwezi uliopita alimuuliza mara mbili. Tukasikia watu wakicheka nyuma yake huko aliko, na mmoja akimwita.

"Kweli sina," alisema. "Ngoja niende darasani. Msalimie Fundi."

"Yuko hapa, anakusikia," alisema Mkasi, lakini simu ilikuwa imeshakatika.